Chuo kituonyeshe namba kabla ya kukula feza ya wazazi

Ndugu na dada, vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, na ninyi muliokimbia vita na bado muko na diploma ndani ya sakoshi,

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, mitaa yetu inajaa poda nyeupe, honi za wamotari na nyimbo. Ni haki yetu kufurahi. Lakini siku mbili tatu kisha, poda ikisha kunawa, swali moja linaingia nyumbani: "Sasa utasoma nini, na wapi?" Hapo ndipo giza linaanza.

Tuseme kijana amepata 58% katika kemia na biolojia. Anataka udaktari. Anataka kujua mambo mawili tu: je, watanipokea? Na wakinipokea, nitapita mwaka wa kwanza? Mjomba anamujibu: "Kule ni kuwa na mutu yako mule ndani." Jirani anasema: "Enda tu, banapokeaka bote." Prefe wa shule anasema mwenye chini ya 60% asipoteze wakati. Pasta anasema tuombe. Kila mmoja anajibu kwa moyo muzuri, na hakuna hata mmoja mwenye namba. Jamaa inauza mbuzi, ao kipande cha shamba, ao mama anachukua deni kwa likelemba, feza inaenda kulipa dosie na minervali. Kisha mwaka mmoja, kijana anarudi nyumbani mikono mitupu, na mtaa unasema hana akili.

Sisi tunasema hilo si jambo la akili wala la bahati. Ni jambo la habari. Na habari hiyo iko. Kila chuo kikuu kinajua ni watu wangapi walileta dosie, wangapi walipokelewa, walikuwa na asilimia ngapi, na wangapi walipita. Inalala kwenye kabati na kompyuta za sekretarieti ya akademiki. Wanayo wao, na wenye kulipa ni sisi.

Kwingine wanaionyesha

Huko Marekani, vyuo vikuu vingi vinajaza kila mwaka karatasi moja yenye maswali yaleyale, inaitwa Common Data Set, kisha vinaiweka kwa intaneti ili kila mtu asome bila kulipa. Ndani yake unaona watu wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, na wangapi kati yao walikuja kweli kusoma. Unaona alama za mtihani za wale walioingia. Unaona kile chuo kinachoangalia sana: alama za shule, barua za walimu, ao mambo mengine. Unaona pia musaada wa feza unaotolewa, hata ule wa wanafunzi wa kigeni.

Mfano: kwa kundi lililoingia Harvard mwaka wa 2024, waliomba watu 54,008 na wakakubaliwa 1,970. Ni chini ya watu 4 kwa kila 100. Namba hiyo ni kali, lakini iko wazi. Mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri wanaisoma siku moja.

Tusiseme ni mambo ya wazungu. Jirani yetu Kenya, idara inayogawa nafasi za vyuo, KUCCPS, inaonyesha kwa kila masomo alama ya mwisho iliyoingia miaka iliyopita. Tanzania, tume ya vyuo vikuu, TCU, inatoa kitabu cha mwongozo chenye masharti ya kila masomo na hesabu ya nafasi. Wenzetu wanaozungumuza Kiswahili sawa sisi wanachagua chuo wakiwa na karatasi mkononi. Sisi tunachagua kwa kusikia-sikia.

Namba inasema nini, na nini haisemi

Hatutaki kuwadanganya, wandugu. Namba za waliopokelewa ni taa, si nabii. Ukizisoma vibaya zinaweza kukupoteza vilevile. Basi tuelewane.

Kwanza, asilimia ya kupokelewa peke yake haitoshi. Chuo kinachopokea watu 20 kwa 100 kinaweza kuwa kirahisi kwako kuliko kinachopokea 50 kwa 100. Inategemea ni nani waliomba. Kama kwa kile cha pili wanaomba wenye 75% tupu, wewe wa 58% hauko ndani ya ile hamsini.

Pili, vyuo vingi vya Marekani vinaonyesha alama mbili: ile ambayo robo ya walioingia wako chini yake, na ile ambayo robo wako juu yake. Watu wanachukua ile ya chini wanafikiri ndiyo mpaka. Hapana! Kama alama hizo ni 58 na 70, maana yake watu 25 kwa 100 waliingia na chini ya 58. Asikufungie mutu mlango ambao chuo chenyewe hakikufunga. Lakini pia usijidanganye: wale wa chini mara nyingi walikuwa na jambo lingine mkononi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Namba za waliopokelewa zinasema juu ya waliopokelewa tu. Waliokataliwa hawaonekani. Tuseme chuo kinakuambia: "Tulipokea watu 30 wenye 66%." Wewe uko na 66%, unaruka kwa furaha. Lakini waliomba wangapi wenye 66%? Kama waliomba 40, basi watatu kwa kila wanne walipita, uko na haki ya kufurahi. Kama waliomba 300, ni mmoja tu kwa kumi. Wale 30 ni walewale, lakini nafasi yako si ileile hata kidogo. Kwa hiyo chuo kinachotoa hesabu ya waliopokelewa bila hesabu ya walioomba kinatupa nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kutuangusha.

Ine, angalia ni nani hayuko ndani ya hesabu. Tangu korona ya 2020, vyuo vingi vya Marekani viliruhusu mwanafunzi asitume alama za mtihani kama hataki. Nani alituma? Kwa kawaida ni mwenye alama nzuri. Basi wastani ukapanda, hata pale ambapo wanafunzi walioingia hawakuwa wakali zaidi. Mwenye kusoma haraka anaogopa bure.

Tano, kila mlango uko na njia nyingi ndani yake. Kule Marekani, mchezaji wa mupira, mtoto wa mtu aliyesoma palepale, na mtoto wa mwenye kutoa feza nyingi, hawapiti njia moja na mtoto wa kawaida. Na mwanafunzi wa kigeni anayeomba musaada wa feza, hiyo ni njia yake tena, nyembamba sana. Ni vyuo vichache, kama Harvard, MIT na Amherst, vinavyosema kwamba haviangalii mfuko wa mwanafunzi, hata wa kigeni, wakati wa kumukubali. Kwingine kwingi, kuomba musaada kunapunguza nafasi yako. Basi kijana wa Ndosho ao wa Kadutu akisoma kwamba chuo fulani "kinapokea 60 kwa 100", ajue kwamba hiyo si namba yake. Atafute namba ya watu wanaofanana naye. Na wale wanaozunguka mijini wakiuza "admisyo ya hakika" kwa dola mia mbili ao mia tatu, waulize swali moja: mwaka jana ulipeleka wangapi, wakakubaliwa wangapi? Utaona atakavyoanza kukoholea.

Kwetu, chujio iko ndani

Hatutaki kukopi Marekani vile ilivyo. Kwetu mambo yako tofauti, na hapo ndipo viongozi wetu wanajificha.

Marekani, chujio iko mlangoni. Kwetu, kwa fakulte nyingi, mlango uko wazi: uko na diploma ya Serikali, maana yake ulipata 50% ao zaidi, unalipa, unaandikwa. Fakulte fulani zinaweka konkuru ao zinadai 60%, lakini nyingine zinapokea mupaka oditoriumu inafurika na watu wanafuata somo dirishani. Kisha mwisho wa mwaka wa kwanza, panga linashuka.

Basi namba ya kupokelewa peke yake kwetu haina maana kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, fakulte imeandika watu 800 na mwisho wa mwaka wamepita 200. Chuo kitajisifu: "Tunapokea wote, hatubagui mtoto wa maskini." Kumbe watu 600 wamelipa kiti walichokalia mwaka mmoja kisha wakafukuzwa. Wakati wa kulipa, hakuna aliyewaambia. Mlango kama huo si wa huruma. Ni tombola, na mwenye kuuza tiketi ndiye anayeshinda kila mwaka.

Namba tunayoihitaji sisi ni hii: kati ya walioingia na 50 mupaka 59%, wangapi walipita mwaka wa kwanza? Kati ya wale wa 60 mupaka 69%? Na wa 70 kwenda juu? Na kati ya waliotoka option ya kemia na biolojia, ya ualimu, ya biashara, wangapi? Kwa karatasi moja tu, kijana wa 58% angejua anaingia wapi. Angeweza kusema: "Ni wawili tu kwa kumi waliopita wenye alama kama yangu. Ninaingia, lakini najipanga, natafuta wenzangu wa kusoma nao, naanza kujifunza kabla ya mwaka kufunguliwa." Ao angesema: "Niende kwanza kwa masomo ya uuguzi." Vyote viwili ni uamuzi wa mtu muzima. Leo hatuna uamuzi, tuko na kubahatisha.

Na hata neno "kupita" lifafanuliwe. Tangu mfumo wa LMD uingie kwa vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mwanafunzi anaweza kupanda akiwa bado na madeni ya kredi. Chuo kisichanganye aliyepita safi na aliyepanda na deni ili kupamba hesabu.

Namba hizo zitafanya pia kazi nyingine ambayo bakubwa hawaitaki. Zitapima Exetat yenyewe. Wote tunajua maneno yanayosemwa juu ya majibu yanayozunguka kwa WhatsApp asubuhi ya mtihani. Kama namba zitaonyesha kwamba walioingia na 75% wanaanguka sawasawa na walioingia na 55%, basi inchi nzima itajua kwamba kipimo chetu ni kigonjwa, na si watoto peke yao. Kama namba zitaonyesha kwamba kwa fakulte moja wasichana wanaingia wengi, wanafanya vizuri mitihani ya kuandika bila jina, kisha wanaangukia kwa kozi ya profesa mmoja kila mwaka, basi swali litajiuliza lenyewe. Dada zetu wamechoka kuitwa waongo wakisema juu ya pointi zinazoombwa kwa mwili. Namba haiogopi profesa.

Wanayotujibu

Watasema: "Namba zitavunja moyo watoto wa maskini." Sisi tunasema kinachovunja moyo wa maskini ni kuuza shamba bure. Mtoto wa tajiri tayari iko na namba zake: baba yake anapigia rekta simu, binamu yake ni asistanti, anajua kozi gani inaua na profesa gani anasahihisha vipi. Mwenye kunyimwa habari ni yule asiyekuwa na mutu mule ndani. Na iko vijana wengi waliojikataa wenyewe kwa uoga, hawakuleta hata dosie, ijapokuwa namba ingewaambia wajaribu. Hao hakuna anayewahesabu.

Watasema: "Vyuo vitadanganya tu." Inawezekana. Hata Marekani wamedanganya. Mwaka wa 2022, profesa wa hesabu wa Columbia, Michael Thaddeus, alichukua namba ambazo chuo chake mwenyewe kilitoa, akazilinganisha na vyanzo vingine, akaonyesha hadharani kwamba haziwiani. Chuo kikashuka kutoka nafasi ya 2 mupaka ya 18 kwenye orodha ya gazeti la U.S. News. Lakini muangalie vizuri: aliweza kushika uongo sababu namba ilikuwa imetolewa. Namba iliyofichwa haishikwi na mutu. Uongo ulioandikwa na kutiwa muhuri ni ushahidi.

Watasema: "Hatuna njia, hatuna kompyuta, umeme unakatika." Hatuombi mashine. Tunaomba karatasi moja kwenye valve, palepale mnapobandika majina ya wasiolipa minervali. Hiyo ya wasiolipa haijawahi kukosa umeme.

Watasema tena: "Inchi iko kwa vita, ninyi munaleta mambo ya asilimia?" Ndiyo, tunaleta, tena juu ya vita. Tangu Goma ichukuliwe na M23 mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, mabenki ya Goma yalifunga mlango, watu walipoteza kazi, jamaa zilitawanyika. Dola mia moja ya leo si ile ya zamani. Jamaa iliyobaki na akiba ya mwaka mmoja tu wa masomo haiwezi kukosea. Na hapo hatujasema juu ya vijana waliopoteza karatasi zao njiani. Wangapi kati yao walipokelewa na vyuo walikokimbilia? Tunataka kujua nao.

Tunadai nini

Kwa Minista wa elimu ya juu, kwa marekta, kwa wakurugenzi wa vyuo vya serikali na vya watu binafsi, tunadai kwamba kila mwaka, kabla ya kuanza kuandika wanafunzi wapya, kila fakulte ibandike kwenye valve na kuweka kwa intaneti:

1. Watu walioleta dosie, waliopokelewa, na waliokataliwa, kwa kila kundi la asilimia ya Exetat na kwa kila option.
2. Walioanza mwaka wa kwanza, waliopita bila deni, waliopanda na madeni ya kredi, walioanguka, na walioacha njiani, kwa makundi yaleyale.
3. Hesabu ya wasichana na wavulana kwa kila hatua.
4. Feza yote ya mwaka, si minervali peke yake: dosie, silabusi, kadi, maabara, staji, na kila kitu kinachodaiwa kisha.
5. Waliopokelewa bila kupita konkuru pale ambapo konkuru iko, na kwa sababu gani.

Hakuna jina la mutu ndani ya hayo. Ni hesabu tupu. Kundi likiwa na watu wachache sana, waliunganishe na lingine ili asijulikane mutu.

Katiba iko upande wetu. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinampa kila Mukongomani haki ya kupeleka petisyo kwa wakubwa, peke yake ao na wengine, na mkubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, wandugu! Basi tuandike, tutie sahihi, tupeleke, tupige muhuri wa kupokelewa, na tuhesabu siku.

Na sisi tuanze

Tusikae tukingoja. Ninyi CP wa mapromosyo, muko na orodha mkononi. Mwisho wa mwaka, hesabuni: tulianza wangapi, tulikuwa na ngapi kwa Exetat, wangapi walipita. Msiandike majina. Lakini angalisho moja: musiulize tu wale mulionao darasani mwaka wa pili. Hao ni waliopona. Tafuteni na wale walioacha mwezi wa tatu, wale waliorudi kijijini, wale walio sasa kwa moto ao kwa duka la kuuza mega. Bila wao hesabu yenu itakuwa nzuri na ya uongo, sawa ile ya chuo.

Ninyi munaongoja matokeo mwaka huu, nendeni mukaulize kwa kila dirisha kabla ya kutoa hata franga moja: "Mwaka jana wenye alama kama yangu walikuwa wangapi, na wamepita wangapi?" Sekretere akicheka, uliza tena. Akikasirika, andika siku na saa. Mukienda vijana kumi, hatacheka. Mukienda mia moja, atafungua kabati.

Hatuombi kurahisishiwa mtihani, wala kupewa pointi za bure. Anayetaka udaktari na 52% tutamupigia mikono akijaribu, na tutamupigia zaidi akifaulu. Tunachokataa ni kuingizwa gizani na mwenye taa mkononi, kisha kuambiwa tulianguka sababu hatuoni.

Muonyeshe namba. Kisha ndipo muombe feza.